Timu Iliyokatazwa Kufurahi

Jezi za timu ya chuo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba nyumbani kwa Keji, na kila aliyepita njia ile ya Munuki, mtaa wa Juba, alijua kwamba vijana wamepigwa tena. Timu ikishinda, Keji, mama wa kapteni, hufua huku anaimba. Ndivyo watu walivyosema, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia Keji akiimba, maana tangu msimu uanze vijana hao walikuwa hawajashinda hata mechi moja ya mpira wa kikapu. Keji alifua kimya. Lakini alizifua vizuri mno, akazikung'uta na kuzibana kwa vibanio kama jezi za mabingwa, kwa sababu alikuwa mbishi kidogo na hakutaka jirani yeyote amwone akikata tamaa.

"Mama Lodu!" aliita Jolly, mwanamke wa Kiganda mwenye duka la ng'ambo ya njia. "Wewe namaliza sabuni bure. Jezi ya kushindwa iko na jasho kweli?"

"Lete kipande ingine," Keji akamjibu. "Na hiyo mdomo yako, ungekuwa nauza kwa kilo, leo ungekuwa na ghorofa."

Jolly akacheka, akaleta sabuni. Keji naye alicheka, lakini moyoni maneno yalimchoma. Msimu mzima alikuwa akichekwa kwa upole namna hiyo, na kuchekwa kwa upole kunachosha kuliko kutukanwa, kwa kuwa hupati pa kugombea.

Mumewe Yafesi alikuwa na yake. Alikuwa fundi wa pikipiki kwenye stendi ya bodaboda, Msoga wa Uganda aliyekuja Juba kutafuta kazi akampata Keji, wa kabila la Kuku, aliyerudi kutoka ukimbizini huko huko Uganda. Nyumba yao iliendeshwa kwa Kiswahili cha njiani, kile kisichojali sarufi lakini kinachofika. Pale stendi madereva walikuwa wamembatiza jina jipya. "Baba Sifuri, nifungie hii cheni." "Baba Sifuri, mafuta inavuja." Mwanzoni alicheka nao. Siku hizi alifunga cheni bila kuinua uso.

"Mwambie aache," alimwambia Keji jioni hiyo, wakila. "Hii mpira ni ya watu mrefu. Lodu ni mfupi kama mimi. Mimi naweza mfundisha injini. Pikipiki haiulizi mtu kama wewe iko mrefu ama mfupi."

"Na masomo?"

Yafesi akamega asida, ule ugali wao, akachovya mchuzi. Kila mara mazungumzo yao yaliishia hapo hapo. Lodu alikuwa mwaka wa mwisho, akisomea kazi ya maabara, na chuo kilimsomesha bila karo kwa sababu ya mpira huo huo. Mkuu wa chuo alikuwa amewaita wachezaji akawaambia waziwazi: kushindwa angewavumilia, lakini wasipofika uwanjani watu watano, ligi itaifuta timu, naye atafuta nafasi zao. Walikuwa wameshafika wanne mara moja, wakasamehewa. Mara ya pili hakuna msamaha. Na sasa kocha alikuwa hapokei simu, wachezaji wazuri walikuwa wamehamia timu zinazoshinda, mmoja alikuwa amekwenda kwao Rejaf kulima. Waliobaki walikuwa watano kamili, na mechi iliyobaki ilikuwa moja, ya Jumamosi.

Ndipo Lodu akaingia uani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, asisalimie mtu.

"Mama, baba ya Malual amekufa."

Keji akaweka chini bakuli. Malual alimjua, kijana mrefu mpole wa Kidinka aliyekuwa nguzo ya timu. Alikuwa anainama kupita mlangoni mwao na bado anagonga kichwa. "Lini?"

"Leo asubuhi. Alianguka tu."

"Ulienda?"

Lodu akatazama viatu vyake. "Nilipiga simu."

"Ukasema nini?"

"Nilifikiri ni Malual ameshika. Nikasema, pole ndugu yangu, lakini Jumamosi utakuja, si ndiyo? Kumbe simu iko kwa baba yake mkubwa. Akasema, 'Mwenye simu ananyolewa nywele. Wewe umemlilia ndugu yangu wapi, hata unaomba?' Akakata. Sasa wamesema Malual hatoki hapo mpaka matanga iishe Jumapili."

Watu wa Juba wanasameheana mengi: mtu akichelewa, mtu akisahau ahadi, mtu akikukanyaga mguu sokoni. Lakini kumwomba mfiwa kitu kabla hujafika ukaketi kwenye bika yake, yaani matangani, ukalia naye, hilo halisemeki. Haraka haraka haina baraka, na haraka ya Lodu ilikuwa imemwaga maji ambayo hayazoleki kwa simu ya pili.

"Lodu, ni mimi nilikuzaa?" Keji alisema kwa aibu. "Mtu analilia baba yake, na wewe nahesabu wachezaji?"

"Mama, niliogopa."

Keji alijua aliogopa. Hata yeye aliogopa, na hasira yake yote ilikuwa woga uliovaa nguo nyingine. Mwaka wa mwisho! Miaka yote ile ya kusoma kwa taa ya simu, iende hivi hivi?

"Kesho mimi naenda kwa bika," alisema.

"Utawaambia nini?" Yafesi akauliza.

"Sitasema kitu. Nitaosha sufuria."

*

Bika ilikuwa mtaa wa Lemon Gaba, chini ya turubai la buluu. Wanaume walikaa upande mmoja kwenye viti vya plastiki, wanawake upande wa pili kwenye mikeka, karibu na moto. Keji alijifunga lawa yake, ile nguo ya kufunga begani, akapiga magoti kuwasalimu wanawake, akalia. Alikuwa amejiambia atalia kwa heshima tu, lakini alipoanza akamkumbuka baba yake mwenyewe, aliyezikwa kambini Uganda na watu wawili watatu, na kilio kikawa cha kweli.

Halafu akaenda kwenye vyombo. Msibani hakuna anayemuuliza mfanyakazi katoka wapi. Msichana mmoja alimsukumia upande wa moshi bila kumtazama, akamwachia sufuria kubwa kuliko yote, lililoungua chini likawa jeusi. Chai ilipozungushwa, ilimruka. Keji akasugua kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikamuuma, akajisemea kwamba sufuria ni sufuria, la mfiwa au la nani.

Mchana akamwona Lodu akija na wenzake watatu. Walibeba madumu ya maji kutoka barabarani, lilikosimama gari la maji. Puok, kijana wa Kinuer aliyekaribia kuwa mrefu sawa na Malual, alibeba mawili kila mkono. Hakuna aliyewashukuru. Wazee chini ya turubai waliwatazama, wakarudi kwenye maongezi yao. Malual mwenyewe, kichwa kimenyolewa kinang'aa, alikaa kati ya wazee na hakuruhusiwa kusimama. Alimtazama Lodu kwa muda, na Lodu akainamisha kichwa akaenda kuchota tena.

Siku ya pili walirudi wote, kila mtu kwenye kazi yake. Hapo ndipo Awut, shangazi yake Malual, mwanamke mnene aliyekulia kambi ya Kakuma na aliyesema Kiswahili cha Kenya, alipochuchumaa kando ya Keji.

"Mama, wewe ni wa nani? Tangu jana unaosha masufuria, na hapa hakuna mtu anakujua."

"Mimi ni mama ya ule kijana mfupi anabeba maji. Ule alipiga simu."

Awut akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. "Ule wa simu! Woi, mzee Albino mwenye alishika hiyo simu bado amekasirika. Ata chai jana alikataa."

"Ndiyo maana niko hapa."

"Na umeosha hizi zote ndio umuombe Malual?"

"Nimeosha juu ya kusema pole," Keji akasema. "Hiyo ingine, sijui kama mdomo yangu itaweza."

Awut alimtazama mikono iliyokwaruzika. Kisha akamnyang'anya sufuria. "Si uamke basi. Twende kwa mzee mapema, kabla watu wa kanisa hawajafika."

*

Mzee Albino alikuwa kaka mkubwa wa marehemu. Alikaa ameweka fimbo juu ya magoti, na Kiswahili chake alikipata Lokichoggio, mpakani Kenya, alikolinda ghala la misaada wakati wa vita. Keji akapiga magoti mbele yake.

"Nasikia wewe ni mama ya simu," mzee alisema.

"Ni mimi, mzee. Mtoto alikosa. Nimekuja kuleta pole ile yeye alisahau."

"Pole yako nimeona. Imeosha sufuria siku mbili." Akamwelekezea fimbo. "Sasa toa ile ingine. Iko kwa koo yako, naiona."

Keji akamweleza. Hakupamba. Alisema habari za watu watano, za mkuu wa chuo, za mwaka wa mwisho wa mtoto wake.

Mzee akatikisa kichwa. "Mama, mpira ni furaha. Mtoto wa marehemu amenyolewa, ataenda kuruka-ruka, watu wakipiga makofi? Watu watasema ndugu yangu hakuacha mtoto, aliacha mchezaji ngoma."

"Furaha gani, mzee?" Keji alisema, na uchungu wa msimu mzima ukamtoka bila kuombwa. "Hawa vijana hawajafurahi hata siku moja! Kila wiki wanapigwa. Mimi ndiye nafua hiyo nguo, mimi najua. Watu wanatuita sifuri. Mume yangu kazini wanamwita Baba Sifuri."

"Kila wiki?"

"Kila wiki, bila kuruka."

"Hata moja hawajashinda?"

"Wala moja, mzee."

Maongezi chini ya turubai yalikuwa yamekoma. Mtu mmoja nyuma akapiga chafya ambayo haikuwa chafya. Albino akamwita Malual kwa kidole.

"Huyu mama anasema kweli?"

"Kweli, baba," Malual akasema.

"Na kesho?"

"Kesho tunacheza na timu ya pili kwa ligi. Hao watatupiga zaidi."

Mzee akazungusha fimbo yake mara kadhaa. Wazee wenzake wakasogeza viti. Walinong'ona Kidinka kwa muda mrefu, na Keji akabaki amepiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi.

"Kalas, basi," Albino akasema hatimaye. "Mtu akienda kushindwa, hiyo si sherehe. Hiyo ni kazi, kama kuchota maji. Aende. Lakini wote watano waende kama watu wa matanga. Hakuna kelele. Hakuna kugombana. Hakuna kupiga kifua. Na wewe mama, hakuna vigelegele. Unanipa neno ya kwamba wanaenda kushindwa tu?"

"Nakupa neno, mzee," Keji akajibu papo hapo.

Ulimi hauna mfupa. Akatoka pale amefurahi, akidhani ameahidi kitu rahisi kuliko vyote duniani.

*

Jumamosi Yafesi alifunga kazi. Hakusema sababu. Aliwaambia tu madereva watano aliowadai malipo ya matengenezo wawashe pikipiki, wakawabeba vijana hadi uwanjani bila kudai nauli, na njiani hakuna aliyetamka neno Sifuri. Uwanja wenyewe ulikuwa wa saruji iliyopasuka, nyavu za vikapu zimebaki kamba mbili tatu. Mashabiki wa wapinzani walikuwa na ngoma na filimbi.

Mkuu wa chuo alikuwepo. Alisimama pembeni, akawahesabu vijana kwa kidole, mmoja mpaka watano, akamwambia Lodu, "Nafasi zenu zipo," akaondoka zake mpira haujarushwa. Hakuona haja ya kutazama.

Keji akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Jumatano. Imekwisha! Mtoto atamaliza chuo. Yaliyobaki yalikuwa kupigwa tu, na kupigwa walishakuzoea. Jolly, aliyefunga duka lake aje kuona, akaketi kando yake na karanga.

Sasa, watu wa timu ile walikuwa na ugonjwa mmoja ambao kila mtu Munuki aliujua. Walikuwa wanagombana. Puok akikosa kikapu alimfokea Lodu kwa pasi mbaya, Lodu akamjibu, wengine wakainua mikono juu kumlilia refa, na wakati huo wote wapinzani walikuwa wanafunga. Hawakupigwa na watu warefu wala wenye nguvu. Walipigwa na midomo yao.

Leo midomo ilikuwa imefungwa na mzee Albino.

Puok alikosa kikapu cha kwanza. Akamgeukia Lodu, akafungua mdomo, akamwona Malual na kichwa chake kilichonyolewa, akaufunga. Akarudi mbio kulinda. Lodu aliangushwa kwa bega, akainuka, akafuta goti, hakusema kitu kwa refa. Kwa kuwa hawakuweza kuitana, ikabidi watazamane, na kwa kutazamana wakaanza kuonana. Pasi zilifika. Malual alichukua kila mpira uliogonga chuma, uso wake hauna habari, kama mtu anayepanga matofali.

"Sifuri! Sifuri!" mashabiki waliimba. Kisha wimbo ukapungua. Ilipofika mapumziko, ngoma zilikuwa zimenyamaza.

"Keji," Yafesi alisema taratibu, "hawa watoto nashinda."

"Naona."

"Lakini wewe si ulimwambia mzee..."

"Naona, Yafesi!"

Msimu mzima Keji alimwomba Mungu ushindi mmoja tu, na Mungu, ambaye ana utani wake, alikuwa ameuchagua huu. Lodu akaja pale alipokaa, jasho linamtiririka, akainama.

"Mama. Ulimpa mzee neno," akanong'ona. "Malual anauliza. Tuachie mechi? Nafasi yetu tayari iko."

Ingekuwa rahisi. Mipira michache ikose, mambo yaishe, wote warudi kwa mzee na ukweli wao mkavu. Keji alimtazama mwanawe, goti linavuja damu, macho yanamwogopa yeye, na akakumbuka jezi zote alizozianika kama za mabingwa.

"Mliambiwa mnyamaze," akasema. "Hakuna mtu aliambia nyinyi mlale. Hiyo neno ni yangu, nilitoa mimi, nitaenda kujibu mimi. Wewe cheza. Mwambie Malual acheze."

Wakacheza. Hawakuwa na wa kuwapumzisha, na miguu ikaanza kuwaishia nguvu. Wapinzani wakawakaribia, wakawashika, wakawapita kwa kikapu kimoja. Dakika za mwisho zilikuwa mvutano wa watu wasioweza hata kusimama vizuri. Puok akafunga, wakawa sawa. Kisha Lodu akapenya katikati ya warefu, akarusha, mpira ukagonga chuma ukaruka juu, na mkono wa Malual ukaufuata ukaurudisha polepole kikapuni. Filimbi ikalia.

Hakuna aliyepiga kelele. Vijana watano waliwapa wapinzani mikono, vichwa vimeinama, wakaokota chupa zao za maji wakatoka kwa mstari. Watu uwanjani walibaki wanaulizana kumetokea nini. Keji alihisi vigelegele vikimpanda kutoka tumboni, vikubwa, vya msimu mzima. Akakamata pembe ya lawa yake akaiuma kwa nguvu mpaka nguo ikachanika. Jolly akafungua mdomo avipige yeye. Keji akamziba kwa kiganja chote, karanga na yote.

*

Jioni hiyo hiyo Keji alikwenda kwenye bika peke yake, kama alivyosema. Vijana walibaki nje ya ua.

Albino alikuwa mahali pale pale. Keji akapiga magoti.

"Mzee, nilikupa neno na neno imevunjika. Vijana wameshinda."

Wazee wakageuka. Awut, aliyekuwa anamimina chai, akasimama na birika hewani.

"Wameshinda," mzee akarudia.

"Waliniuliza kama waachie. Ni mimi nilikataa. Kosa ni yangu, si ya Malual."

"Walipiga kelele?"

"Hapana."

"Waligombana?"

"Hapana, mzee. Siku ya kwanza tangu nijue wao."

"Na wewe?"

Keji akainua pembe ya lawa akamwonyesha. Mzee aliichukua ile nguo iliyochanika kwa meno, akaitazama kwa karibu maana macho yake yalikuwa ya zamani.

"Basi hapa kwangu hawajashinda bado," Albino alisema, akamrudishia. "Mtu hashindi mpaka aseme. Watashinda kesho, tukimaliza. Awut, mpe huyu mama chai."

Chai ile ilikuwa tamu mno, na Keji aliinywa akilia.

Jumapili, baada ya sala, turubai lilianza kushushwa. Mzee Albino akagonga fimbo chini na kuwaita vijana watano mbele ya watu wote, akawapanga mwenyewe, mfupi katikati. Yafesi alikuwa amesimama nyuma na madereva wake, amevaa shati la kanisani.

"Kalas, tumemaliza kulia," mzee alisema. "Sasa nyinyi. Jana mlifanya nini?"

Vijana wakatazamana.

"Tulishinda, mzee," Lodu akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi ni mzee, sisikii. Na ndugu yangu yuko mbali zaidi. Malual! Mwambie baba yako mlifanya nini."

Malual akavuta pumzi. Alikuwa hajalia mbele za watu tangu siku ile aliponyolewa. Akafungua mdomo akaunguruma, "Baba, tulishinda!" na sauti ikamkatikia katikati, akajifunika uso. Puok akamkumbatia, wengine wakawarukia, wote wakaanza kupiga kelele kwa wakati mmoja, kila mtu kwa lugha yake.

Mzee Albino akawaacha wapige. Kisha akageuza kichwa taratibu, akamtafuta Keji kati ya wanawake.

"Mama ya simu," akasema. "Unangoja nini?"

Na Keji akaachia pembe ya lawa yake iliyochanika, akapiga vigelegele.